Mchicha wa Mzee Rula

Baba yangu,

Shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake kabla hajakuuliza kama nimemsahau. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi nilichowaambia kiliondoka chenyewe bila dawa. Nataka kujua goti lako la kushoto linaendeleaje tangu ulipoacha kupanda zile ngazi za nyuma, na kama Mama amekubali kuvaa miwani yake au bado anaifungia kwenye mkoba na kusoma kwa kukunja uso. Mdogo wangu naye mwambieni ujumbe wake nimeupata, na jibu langu ni lile lile: sina picha mpya, na hata ningekuwa nayo nisingemtumia aichekee.

Katika barua yako ya mwisho umeandika kwamba Mama anauliza kwa nini siku hizi sisemi lolote juu ya bustani, wakati mwanzoni nilikuwa najaza kurasa. Ana haki ya kuuliza. Nimekaa na habari hii muda mrefu kuliko nilivyopaswa, kwa hiyo leo nitaieleza yote. Naomba uisome hadi mwisho kabla hujamsomea yeye.

Nyumba ninayopanga, kama nilivyowahi kukueleza, ina milango miwili iliyopakana ukuta kwa ukuta. Mlango mmoja ni wangu. Wa pili ulikuwa wa mzee mstaafu, mjane, aliyefanya kazi ya kuchora ramani za majengo kwa miaka thelathini na minne. Mtaa mzima ulimwita Mzee Rula, kwa sababu hata akienda kununua mkate alikuwa na rula ya chuma kwenye mfuko wa shati. Inasemekana siku moja aliupima mkate palepale dukani, akamwonyesha mwenye duka kwamba umepungua sentimita moja na nusu tangu mwaka uliopita. Alikuwa na binti mmoja tu, mwalimu, anayeishi nchi nyingine, na walizungumza kwa simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nayasikia mazungumzo yote kupitia ukutani, kwa hiyo yule binti nilimfahamu kabla sijamwona.

Nyuma ya nyumba kuna kipande cha ardhi, hatua tano kwa tatu, kati ya ukuta wa bafu na uzio wa mabati. Miaka yote kilikuwa jalala la matofali yaliyovunjika. Mwenye nyumba, mama wa maneno machache, alituambia tukikisafisha ni chetu, ila hataki vurugu nyuma ya nyumba yake: tukubaliane kitu kimoja, tukipande, basi. Tulikisafisha pamoja mwishoni mwa wiki mbili mfululizo. Tulitoa ndoo arobaini na tatu za vifusi. Aliyehesabu ni yeye.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Mimi nilitaka mchicha. Nilimweleza kwamba mchicha unaumwaga leo, siku ya nne umeshatoa vichwa, na mwezi haujaisha unachuma. Hautaki makuu: samadi kidogo, ndoo ya maji asubuhi na nyingine jioni, na jua, ambalo pale nyuma lipo la kutosha. Tena ukikosea, unakuwa umekosea mwezi mmoja tu. Unang'oa, unaanza upya.

Yeye alitaka msonobari. Alisema mti ule unabaki kijani mwaka mzima, na ukishashika mizizi hauombi maji kwa mtu. Unakata upepo wa upande ule, na utatupa kivuli kwenye madirisha yetu ambayo mchana yalikuwa yanapika watu. Nikamjibu kwamba kivuli hicho hicho ndicho kitakachoua kila kitu chini yake, kwamba mizizi itaingia chini ya ukuta wa bafu, na kwamba hata msonobari hudondosha majani, yale membamba kama sindano, nayo yakilala pale udongo unachachuka. Alikubali kwamba unadondosha. Alisema hakuna mti usiodondosha, ila huu unadondosha kwa adabu, kidogo kidogo, bila kubaki uchi mbele za watu.

Siku iliyofuata alikuja na mchoro, Baba, kwenye karatasi ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Alikuwa amechora nyumba, bafu, uzio na msonobari katikati, na kivuli chake kitakavyokuwa baada ya miaka mitano, kumi na ishirini, kila kivuli kwa rangi yake. Kwa hesabu zake mwenyewe, kufikia mwaka wa nane pasingebaki mahali pa kuota hata jani moja la mchicha. Nilimwambia amenisaidia kushinda kesi yangu. Kisha nikamuuliza, kwa utani, mwaka huo wa ishirini yeye atakuwa na umri gani. Akapiga hesabu bila kunitazama, akasema tisini na mmoja, na kwamba atakuwa amekaa chini ya mti anasubiri mimi nistaafu.

Alinieleza pia sababu, ingawa sikuwa nimemuuliza. Katika ramani za majengo mti huchorwa duara lenye nukta katikati. Alikuwa amechora maduara hayo maelfu, mbele ya shule, kando ya zahanati, kuzunguka nyumba za watu, na hakuwahi kupanda hata mti mmoja kwa mkono wake. Alisema hajui hata kama yale maduara yalipandwa kweli au wajenzi waliyaruka tu.

Tulibishana hivyo karibu miezi miwili ya kiangazi, jioni nikitoka kazini, kila mtu kwenye ngazi ya mlango wake. Sikuwa na haraka, na nadhani yeye pia hakuwa nayo. Ulikuwa ubishi mtamu. Kisha Jumatano moja nilimgongea mlango nikamwambia apande mti wake. Aliniangalia kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake. Akataka kujua nimepatwa na nini. Nilimwambia nimechoka kubishana na mtu mwenye kichwa kigumu, na akacheka, lakini aliniangalia tena nilipogeuka kuondoka.

Jumamosi akaja na mche ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Ulikuwa na sentimita ishirini na nane, kwa hiyo rula ilitosha na ikabaki. Alipima kutoka ukutani, akapima kutoka kwenye uzio, akasogeza alama ya kijiti mara tatu, ndipo akachimba. Nilimshikia mche akiwa anafukia.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, niliamka nikakuta ameung'oa. Alikuwa ameurudisha kwenye kopo lake na udongo juu, na mwenyewe yuko magotini anavunja mabonge. Akaniomba mbegu za mchicha, zile nilizokuwa nimezitunza kwenye chupa ya dawa tangu ubishi ulipoanza. Nikamletea. Akazichanganya na mchanga mkavu, kwa sababu ni ndogo mno na mkono mtupu huzimwaga mahali pamoja, akachora mifereji kwa kuifuata rula, sentimita kumi na tano kati ya mfereji na mfereji. Mistari ilinyooka hata mwenye nyumba akauliza kama tunalima au tunachora.

Yule mama alisema uzee ndivyo ulivyo, leo mti, kesho mboga, na akaingia ndani. Jirani wa ng'ambo alidhani nimemshinda kwa ujanja wa kike, akanipongeza. Mimi nikawaacha wadhani wanavyotaka.

Mchicha uliota siku ya tano, na nakwambia Baba, sijawahi kuona mboga iliyoangaliwa namna ile. Alichagua mmoja katika mstari wa pili, akaufungia uzi mwekundu, na kila asubuhi na kila jioni alikuwa anaupima na kuandika kwenye daftari. Alisema msonobari alikuwa ameupima siku zote kumi na moja na haukuongeza hata milimita, lakini huu asubuhi hauko pale ulipouacha jioni. Alisema alikuwa mjinga kuudharau. Wadudu wadogo waitwao vidukari walipoingia chini ya majani, tulikaa mchana kutwa tukiyapangusa moja moja kwa maji ya sabuni, yeye kwenye kigoda, mimi nimechuchumaa. Alikuwa anachoka haraka. Alikuwa akipumzika huku ameshika ukuta wa bafu, na mimi nilikuwa najifanya nina kazi nyingine upande wa pili.

Binti yake alifika kabla ya mchumo wa kwanza. Siku ya mchumo tulikula wote watatu kwake, mchicha wa kitunguu tu, na mzee akamaliza sahani yake na kusema chumvi imezidi. Tuliuchuma mara nne kwa jumla. Ule msonobari ulikauka ndani ya kopo katika wiki ya tatu. Mche wa namna ile hauvumilii kutolewa mizizi nje mara ya pili. Aliutupa yeye mwenyewe, akaliosha kopo, akawa analitumia kumwagilia.

Baba, nimekueleza yote haya kama watu walivyoyaona. Lakini kulikuwa na watu wawili waliojua kwa nini mti ulipandwa na kwa nini uling'olewa. Mmoja alikuwa yeye, na wa pili ni mimi. Sasa nakuomba ukae vizuri.

Jumatatu ya wiki ile niliyomgongea mlango, ililetwa kwetu, maabara ya hospitali, damu yenye jina lake kwenye fomu. Alikuwa ameenda hospitali kwa sababu ya uchovu na fizi kutoka damu, na kwa sababu alikuwa na madoa ya bluu mikononi aliyodhani ni ya kubeba matofali. Niliiweka chini ya hadubini mwenyewe. Sihitaji kukueleza kwa lugha ya kazini; chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, changa, zimejaa kila mahali ambapo zingine zilipaswa kuwepo, kama inavyokuwa kwenye saratani ya damu. Nilihesabu mara mbili, nikamwita mkuu wa maabara naye akahesabu. Majibu yakaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye faili, na faili likawekwa kumsubiri daktari bingwa, ambaye alikuwa likizo. Miadi ilikuwa baada ya wiki nne na siku mbili. Niliomba isogezwe mbele, nikaambiwa foleni ni ya wote.

Ndiyo maana nilimwachia apande mti. Nilidhani hiyo ni huruma, na kwamba imekwisha hapo.

Lakini kila jioni nilikuwa namkuta anaumwagilia. Siku ya kumi na moja aliniita. Alikuwa ameinama, akaniuliza kama nafikiri mti utachukua miaka mingapi kufika usawa wa dirisha. Nikasema sijui miti. Akaweka ndoo chini.

"Binti," akasema, "damu yangu ilikuja kwenu."

Nilisema zinakuja nyingi.

"Ulibisha miezi miwili," akasema, "halafu ukaniachia kwa siku moja. Mimi si mtoto. Umeona nini?"

Nilimwambia daktari ndiye atakayemweleza. Akasema daktari yuko mbali na mimi niko hapa. Akasema ana mtoto mmoja, na kwamba anatakiwa kujua kama amwambie aje sikukuu za mwisho wa mwaka kama walivyopanga au amwambie aje sasa. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameishika rula kwa mikono miwili.

Nikasema, "Mwambie aje sasa."

Akakaa juu ya ndoo, ambayo bado ilikuwa na maji nusu, akalowa na hakuinuka. Akaniuliza mchicha unachukua siku ngapi, kwa hakika, si kwa maneno ya ubishi. Nilimwambia siku ishirini na nane. Akasema hizo atazimudu.

Wewe ulifanya kazi posta miaka thelathini na mmoja. Barua za mtaa mzima zilipita mikononi mwako, na hukufungua hata moja. Ulituambia hivyo mezani mara nyingi hata tukawa tunakumalizia sentensi. Najua mwenyewe nilichofanya kinaitwaje. Bahasha ile haikuwa yangu kuifungua, hata kama maneno yaliyokuwa ndani niliyaandika mimi.

Mzee hakunitaja. Miadi ilipofika na daktari akaanza kumweleza taratibu, alimwona hashtuki, akamuuliza amesikia wapi. Akajibu kwamba mwili wake umemwambia. Daktari hakuridhika, akapeleka malalamiko, na mkuu wa maabara akaanza kutuita mmoja mmoja. Macho yakamwangukia karani wa mapokezi, kwa sababu yeye ndiye anayebeba bahasha kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Ni dada mkimya, ameajiriwa mwaka jana tu. Nilimwona ametoka kwenye chumba cha mkuu ameshika leso mdomoni. Nilimaliza sampuli niliyokuwa nayo, nikaosha mikono, nikaingia kusema ni mimi.

Waliniita mbele ya kamati ya watu watatu, katika chumba cha mikutano chenye feni isiyozunguka. Waliniuliza kama kuna aliyenishawishi. Nikasema hakuna. Wakaniuliza kama jambo lile likitokea tena nitafanya vile vile. Nilifikiri, nikasema sijui. Katika barua ya kunifukuza wameandika kwamba sijutii.

Nilikabidhi koti jeupe na ufunguo wa kabati. Hiyo ni miezi miwili sasa. Kwa hiyo barua zangu mbili zilizopita, ile ya kukuambia tumeletewa hadubini mpya na ile ya kwamba nimehamishiwa zamu za jioni, zote zilikuwa za uongo. Hadubini mpya haipo. Nilikuwa nashinda kwa Mzee Rula, nikisaidiana na binti yake, na barua zote mbili niliziandikia kwenye meza yake ya kuchorea, yeye akiwa amelala upande wa pili wa chumba. Ile ya pili aliniuliza naandika nini. Nilipomwambia, alisema meza ile haijawahi kuchorewa kitu kisichokuwepo, ukiacha yale maduara.

Alifariki Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, binti yake amemshika mguu na mimi nikiwa nje naanika shuka. Tumemzika Alhamisi. Siku iliyofuata nilikuwa namsaidia binti yake kukunja mashati ya baba yake, akaniuliza ni nani aliyemwambia mzee kabla ya daktari. Nilimwambia ni mimi. Aliendelea kukunja. Baadaye akasema kwamba kabla ya hapo kila Jumapili baba yake alikuwa anamweleza habari za mti, mti, mti, na alikuwa na furaha ambayo hakuisikia tangu mama yake alipofariki. Akasema tangu alipofika yeye, baba yake alikuwa halali. Alikuwa anakaa kitandani mpaka kunakucha, na mara mbili alimkuta analia kama mtu asiyejua kwamba anaonekana. Nilidhani amemaliza. Kisha akasema kwamba angesubiri sikukuu, angekuta kaburi. Hakuniambia lipi kati ya hayo mawili ni zito zaidi, na sikumuuliza. Ameondoka jana.

Mimi pia sijui, Baba. Siku nyingine najiona nilimpa mtu kitu chake. Siku nyingine najiona nilimnyang'anya mti akiwa ameushika. Hilo bado nabishana nalo peke yangu, na sikuombi msamaha kwa ajili yake. Msamaha ninaokuomba ni wa zile barua mbili. Ulinifundisha kwamba mtu akitia stempu ameapa, nami nilitia stempu.

Nimeanza kutafuta kazi kwenye maabara za watu binafsi, ingawa wote wanaomba barua ya sifa kutoka nilikotoka. Chakula ninacho. Usimwache Mama ahangaike kunitumia kitu. Kama utaona vema, msomee barua hii yote. Kama hutaona vema, msomee mpaka pale tulipokula mchicha, ukome hapo. Mdogo wangu mwambie asome kwa bidii na aache kuazima viatu vyako. Wasalimie majirani wa pande zote mbili, na wewe upakae dawa ya goti hata siku ambazo haliumi.

Ukiamua kunijibu, hata mstari mmoja, usiandike tena anwani ya hospitali. Wananifahamu pale, na wanaweza kuirudisha bila kuifungua. Andika ya mwenye nyumba, iliyo nyuma ya bahasha.

Nakusalimu tena kwa heshima,

Kifungua mimba wako.